Jembe Limevunjika, au Mpini Umelegea?

Juma moja kabla ya watoto kurudi masomoni, nilisikia hodi mlangoni saa moja ya jioni. Alikuwa jirani yangu, fundi wa kushona nguo hapa Lubumbashi, naye amefuatana na bibi yake. Si desturi yao kutoka wawili pamoja saa ile, maana bibi huwa jikoni, na bwana hafungi kibanda chake karibu na soko la Kenya mpaka giza limeingia. Nikajua kuna neno. Nikawapa viti, na mke wangu akaleta chai.

«Mwalimu,» akasema bwana, «tumekuja utuamue.»

Shauri lao lilikuwa hili. Simu ya fundi ina miaka minne. Ikitolewa kwenye umeme asubuhi, saa sita ya mchana imekwisha kuzimika. Tena imekuwa nzito: ukigusa WhatsApp, waweza kutia uzi katika sindano kabla haijafunguka. Na siku hizi wateja hawaji tena na kitenge mkononi na kueleza kwa maneno. Hutuma picha ya mshono wanaoutaka, na fundi asiyepokea picha hupoteza kazi. Mfanyabiashara mmoja wa mjini alikuwa amemwambia: «Nipe hiyo ya zamani, ongeza dola 110, uchukue mpya.» Na kwa dola 38 nyingine angempa kifurushi kizima: chaja ya mbio, pawabenki iliyoandikwa 20,000, vyombo vya masikioni visivyo na waya, ganda la simu, na kioo cha kuilinda. Jumla dola 148. Nyumbani walikuwa na dola 160, nazo zimewekwa kwa ajili ya minervali ya binti yao mkubwa, aliyekuwa anaingia mwaka wa sita wa sekondari, mwaka wa Mtihani wa Serikali.

«Simu ndiyo jembe langu,» akasema bwana. «Mkulima bila jembe atalimia nini?»

Bibi akaweka kikombe chini. «Shemeji, mimi sikatai jembe. Nauliza tu kama jembe limevunjika, au ni mpini uliolegea.»

Wapenzi wasomaji, neno hili la mama ndilo lililonifanya nishike kalamu. Katika nyumba nyingi shauri la namna hii hukatwa kwa hasira au kwa siri: bwana hununua bila kusema, na bibi hujua siku ya kulipa shule. Jioni ile tulilikata kwa hesabu, na hesabu yenyewe ilitushika mpaka saa tatu.

Tuanze na ugonjwa, ndipo tutafute dawa

Nilimwuliza fundi: «Simu yako imeshindwa kazi gani?» Si kwamba ni ya zamani, si kwamba jirani anayo nyingine nzuri zaidi. Kazi gani? Akajibu mambo mawili tu: inakufa mchana, na inatembea pole pole. Basi tukayachukua moja moja.

Betri za simu, zile za lithiamu, huzeeka kwa kutumiwa kama soli ya kiatu. Kampuni ya Apple yenyewe yaandika kwamba betri za iPhone zake mpaka ile ya 14 zimetengenezwa zibaki na asilimia 80 ya nguvu zao baada ya kujazwa kabisa mara 500. Kuanzia ile ya 15, mara 1,000. Mtu anayejaza simu yake kila siku atafika mara 500 katika mwaka mmoja na miezi minne au mitano. Fundi wetu alikuwa amekwisha kupita hesabu hiyo zaidi ya mara mbili. Tena joto huharakisha uzee huo. Nilipomwuliza simu hukaa wapi wakati wa kazi, aliona haya kidogo: hukaa juu ya meza ya kupigia pasi, pembeni ya pasi ya makaa.

Haya, na uzito wake? Hapa watu wengi hudanganyika. Mwezi wa Desemba mwaka 2017, Apple ilikiri kwamba programu yake ilikuwa inapunguza mwendo wa iPhone zenye betri iliyochakaa, ili zisizimike ghafula. Watu walikasirika sana, na kwa mwaka 2018 kampuni ikateremsha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 mpaka 29. Mtu aliyekuwa amenunua simu mpya kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa nzito, alikuwa ametoa mamia ya dola kwa ugonjwa wa dola 29.

Lakini simu ya fundi si iPhone, na kwake ugonjwa ulikuwa mwingine. Nikaifungua sehemu inayoonyesha nafasi. Katika GB 32, karibu zote zilikuwa zimejaa. Tukatazama zimejaa nini: salamu za asubuhi zenye maua, mahubiri yaliyotumwa na watu watatu mbalimbali, michezo ya mpira, harusi za watu asiowajua. Picha za mishono ya wateja, ambazo ndizo kazi yake, hazikufika hata sehemu moja ya kumi. Simu iliyojaa hivi haina mahali pa kugeukia. Ni kama duka ambalo mizigo imefika mpaka mlangoni. Tulifuta kwa nusu saa. Bibi ndiye aliyekuwa anasema «hiyo toa, hiyo acha». Tulipoiwasha tena, WhatsApp ilifunguka kabla hajamaliza kucheka.

Ilibaki kuuliza kama simu hii imefikia mwisho wake kweli, kwa sababu mwisho upo. Mwezi wa Oktoba 2023 WhatsApp iliacha kutumika katika simu za Android zilizo chini ya namba 5.0, na mwezi wa Mei 2025 ikaziacha iPhone 5s na 6. Mtu mwenye simu ya namna hiyo, na kazi yake inapita WhatsApp, hana la kujadili: jembe limevunjika. Vilevile simu isiyopata tena masahihisho ya usalama kutoka kwa waliyoitengeneza haifai kuwekwa mambo ya benki. Ndiyo sababu, ukinunua mpya, uliza ahadi ya masahihisho kuliko kuuliza rangi. Google kwa Pixel 8 mwaka 2023, na Samsung kwa Galaxy S24 mwanzo wa mwaka 2024, ziliahidi miaka 7. Simu nyingi za bei ndogo hazipati hata nusu ya hiyo. Simu ya fundi ilikuwa bado mbali na mwisho huo.

Basi tukaandika katika daftari. Betri mpya pamoja na kazi ya fundi wa simu: dola 12. Ikidumu miaka miwili, ni nusu dola kwa mwezi. Simu mpya ya dola 110, ikidumu miaka mitatu, ni zaidi ya dola 3 kwa mwezi, na ile ya zamani umeitoa. Jirani yangu hapendi hesabu za dola. Yeye huhesabu kwa mashati. Shati moja humwachia faida ya dola mbili. Akasema kwa sauti ndogo: «Mashati sita, au mashati hamsini na tano.»

Kifurushi

Sasa tukafika kwenye vitu vidogo, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu vitu hivi ndivyo vinavyokula pesa za vijana wetu bila wao kujua. Hakuna anayenunua simu mbili kwa mwaka. Lakini nyaya, magamba, na pawabenki, wengine hununua kila mwezi.

Pawabenki kwanza. Namba kubwa iliyoandikwa juu yake huhesabu nguvu zilizomo ndani, katika betri za volti 3.7. Simu haipokei hivyo. Sharti nguvu zipandishwe mpaka volti 5 ndipo zipite katika waya, na ndani ya simu zibadilishwe tena. Kila mlango hutoza ushuru wake kwa joto. Kwa hiyo pawabenki ya kweli ya 10,000 haiijazi simu ya 5,000 mara mbili, bali mara moja na nusu hivi. Na ile ya kweli ya 20,000 huijaza mara tatu, si nne. Huo si udanganyifu, ni kanuni ya umeme, na wengine huandika uwezo halisi kwa herufi ndogo nyuma ya chombo. Someni herufi ndogo.

Udanganyifu ni mwingine, na kuutambua hakuhitaji elimu kubwa, mzani tu. Betri moja ya mviringo ya aina inayowekwa mara nyingi ndani ya pawabenki ina uzito wa gramu 45 au zaidi kidogo, na zilizo bora kabisa hazipiti 3,500 hivi. Ili kufikia 20,000 zinatakiwa sita kwa uchache, yaani gramu 270 za betri peke yake, bado ganda na mitambo. Siku iliyofuata fundi alikwenda kwa yule mfanyabiashara, akaiomba ile pawabenki aishike, akaipeleka kwa mama auzaye sukari karibu na hapo, akaiweka mzanini. Gramu 160. Hakusema neno, akairudisha. Tangu siku hiyo mama wa sukari amepata kazi ya pili, maana vijana wa mtaa humletea pawabenki zao azipime.

Chaja ya mbio yahitaji maneno machache. Simu huchukua nguvu inazoweza kuchukua, hazidi. Simu iliyotengenezwa kupokea wati 10 itapokea 10, hata ukiifunga kwenye chaja ya 65. Haitadhurika, lakini haitakwenda mbio. Kabla ya kununua, tazama katika kitabu cha simu. Mara nyingi tatizo ni waya mbovu wa franga chache, ambao hufanya chaja nzuri ionekane mbaya. Nunua waya mmoja mzuri. Habari njema ni kwamba tundu la simu limeanza kuwa moja kwa wote: tangu tarehe 28 Desemba 2024 nchi za Umoja wa Ulaya zinataka simu mpya zinazouzwa huko ziwe na tundu la USB-C, na jambo hilo limefika hata kwetu, kwa sababu viwanda havipendi kutengeneza namna mbili. Atakayenunua leo waya wa USB-C atautumia kwa simu ijayo.

Vyombo vya masikioni visivyo na waya ni vizuri kwa anayesafiri au anayekimbia asubuhi. Lakini wengi hawajui kwamba katika simu zenye redio ya FM, ule waya wa masikioni ndio antena. Ukiondoa waya, redio imenyamaza. Anayependa kusikiliza habari za Radio Okapi akiwa kazini bila kulipa megabaiti, waya wa bei ndogo unamfaa kuliko vile vya dola 15. Fundi husikiliza redio mchana kutwa. Tukafuta mstari huo.

Ganda na kioo cha kulinda vikabaki. Hapa nilisimama upande wa kununua, wala sikusita. Kioo cha simu kikivunjika, kukibadilisha huweza kula nusu ya bei ya simu ya kawaida, wakati kile cha kulinda ni dola moja au mbili. Ndicho kitu pekee katika kifurushi kile kilicholingana na bei yake. Lakini vile vibandiko vinavyouzwa sokoni eti vyazuia mionzi ya simu, waachieni wenyewe. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, imewaonya watu juu yake: vinaweza kuzuia mawasiliano na kuifanya simu itumie nguvu zaidi, yaani kinyume cha ahadi.

Kadi iliyokula harusi

Msidhani kwamba mwalimu ni mwerevu siku zote. Miaka mitatu iliyopita nilinunua katika duka moja kadi ndogo ya kumbukumbu iliyoandikwa GB 512, kwa bei iliyonifurahisha. Bei ya kufurahisha ndiyo iliyopasa kunionya. Niliitia katika simu, nikapiga picha katika harusi ya mdogo wangu siku nzima, na video ya marehemu baba yetu akiwabariki maarusi. Hakupata mwaka mwingine. Jioni picha za mwisho zilikuwapo, za kwanza zilikuwa majina tu, hazifunguki.

Baadaye nilielezwa jinsi kadi hizi zinavyofanya kazi. Ndani mna nafasi ndogo, labda GB 16 au 32. Lakini chombo kinachoiongoza kimefundishwa kusema uwongo, kikiulizwa husema 512. Kadi huandika vizuri mpaka nafasi ya kweli imekwisha, kisha huandika juu ya vilivyotangulia, au hutupa tu vinavyofuata bila kusema. Ipo namna ya kuijaribu: programu za bure ziitwazo H2testw na F3 huijaza kadi yote kisha huisoma tena, nazo hugundua uwongo. Siku hizi sikubali kadi wala kidole cha USB bila kukijaribu kwanza usiku mzima. Mwenye duka nilimrudia. Aliniambia kwamba kadi haina dhamana. Kweli, haikuwa nayo.

Namba zinazong'aa

Wanafunzi wangu hupenda kubishana kwa namba: kamera ya megapikseli 108, ya 200, simu ya 5G. Nawaomba wafanye hesabu hii. Picha ya karatasi, ya sentimeta 10 kwa 15, iliyo safi kabisa, yahitaji nukta 1,200 kwa 1,800 hivi. Zidisheni: hazifiki hata milioni mbili na robo. Megapikseli 12 zatosha kwa picha ya ukutani. Kinachofanya picha iwe nzuri ni lenzi, ukubwa wa kile kioo cha ndani kinachopokea mwanga, na mkono usiotetemeka. Na kuhusu 5G, mnara ndio unaoamua. Kabla ya kuilipia, uliza mnara wa mtaani kwenu unatoa nini. Kuwa na simu iliyo juu kulikuwa hata na kodi yake hapa nchini: tangu 2020 mpaka ilipofutwa mwaka 2022, ile RAM iliyotusumbua sana ilitoza dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, na dola 7 kwa simu ya 3G au 4G. Wale waliokuwa na simu kubwa kwa ajili ya kupiga tu, wakatuma pesa kwa M-Pesa, jambo ambalo simu ndogo ya vitufe hufanya sawasawa, waliilipa saba hiyo bure.

Nisionekane kuwa adui wa vitu vipya. Mama mmoja muuza vitenge, ninayemfahamu, alikuwa anatuma picha zenye ukungu, rangi nyekundu ikionekana kahawia, na wateja wa Kolwezi na Likasi walikuwa wakirudisha nguo. Alinunua simu yenye kamera nzuri, na akaacha kurudishiwa. Huyo alijua kazi iliyomshinda.

Nami mwenyewe niliitengeneza kompyuta yangu. Ilikuwa imetumiwa Ulaya kabla yangu, yenye diski ya kuzunguka, na kuiwasha kulitosha kunywa chai na kuosha kikombe. Badala ya kununua nyingine, niliitoa ile diski nikatia ya SSD, isiyo na kitu kinachozunguka, na kumbukumbu nikaiongeza kutoka GB 4 mpaka 8. Sasa huwaka katika nusu dakika. Sijui matengenezo mengine yenye faida kama hayo kwa kompyuta ya zamani. Ila Microsoft iliacha kuisahihisha bure Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za umri huo hazikubaliwi na Windows 11. Mimi nimetia Linux, nayo haina bei, na mitihani ya darasa huandikwa vilevile.

Wazee watasema zamani vitu vilidumu. Si vyote, wala si kwa bahati mbaya tu. Mwezi wa Desemba 1924 watengenezaji wakubwa wa balbu za umeme walipatana mjini Geneva, katika chama kilichoitwa Phoebus, kwamba balbu isipite saa 1,000, na kiwanda ambacho balbu zake zilidumu mno kilitozwa faini. Mtu anayeijua habari hiyo hashangai tena akikuta betri ya simu imegandishwa kwa gundi.

Na sisi wa Katanga tuna jambo letu la kuwaza. Kobalti iliyomo katika betri ile ya dola 12 huenda ilichimbwa Kolwezi, maana zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka Kongo. Na ile tantali iliyo katika vipande vidogo vya simu huenda ilianza kama koltani katika vilima vya Rubaya, huko Masisi. Imekwenda mbali, imerudi katika sanduku zuri, na bei yake haifanani tena na ile aliyolipwa mchimbaji. Kuitumia miaka minne badala ya miwili si ushamba.

Jumatatu minervali ililipwa. Betri ilitiwa Jumatano. Bibi alisimama pale mpaka fundi wa simu alipomaliza, akaangalia kwamba ile ya zamani, iliyokuwa imeanza kuvimba, haikutobolewa wala kutupwa jalalani. Wamenunua kioo cha kulinda na ganda, na ndani ya ganda binti ameandika tarehe kwa kalamu ili wajue siku betri hii itakapoanza kuzeeka. Meza ya pasi imepata msumari ukutani, mbali na makaa, ambapo simu hutundikwa katika kimfuko cha kitenge.

Jirani yangu hajaridhika kabisa, nisifiche. Anasema kamera bado inamwonyesha mshono wa shingoni kama kwa ukungu, na katika hilo ana haki. Wamepatana wafungue daftari jipya baada ya mtihani wa binti. Juzi alinipita njiani, akaniuliza kama televisheni ya 4K inaonyesha tofauti katika chumba cha mita tatu.